Kimya cha Darasa la Tano B

Darasa la Tano B halikuwahi kunyamaza. Lilikuwa limefokewa, limebembelezwa, limetishiwa viboko na kuahidiwa pipi, na bado lilivuma mchana kutwa hata walimu wa madarasa jirani wakazoea kufundisha kwa sauti ya mnadani. Kwa hiyo Jumamosi ile, msailiwa wa kwanza alipouliza swali na jibu lisitoke, Scolastika aligutuka pale alipoketi barazani akisubiri zamu yake. Alitega sikio. Msailiwa alirudia swali lake, safari hii kwa sauti nyembamba zaidi. Aliuliza kitu chepesi, mmea unahitaji nini ili ukue, kitu ambacho Tano B wangekijibu huku wakigombania kifutio. Ndani hakikusikika hata kikohozi.

"Watoto wa mjini hawa," alisema mwanamume aliyeketi naye kwenye benchi. "Wana aibu kuliko wa kwetu."

Scolastika alikuwa akiwafahamu watoto wale mmoja mmoja, anayeng'ata kucha na anayeomba kwenda kukojoa mara kwa mara ili akacheze nje, na aibu haikuwa miongoni mwa magonjwa yao. Alikuwa mwalimu wao wa sayansi.

Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Ajira za ualimu zilikuwa zimetangazwa baada ya ukame mrefu, mtihani wa kuandika ukafanyika, na waliopenya wakaitwa kwenye usaili wa vitendo: kila mmoja aokote kikaratasi chenye mada, ajiandae kidogo, kisha aingie kufundisha watoto asiowajua mbele ya wasaili wawili. Shule yao ya Ngokolo, mjini Shinyanga, ilichaguliwa kuwa kituo. Wasaili waliomba darasa la tano, na Mwalimu Mkuu Ngassa akawapa Tano B. Hawakuuliza watoto hao wanafundishwa na nani, naye hakusema.

Asubuhi Scolastika alipofika getini akiwa amevaa suti yake ya mahafali, Mkuu alimpa mkono na kuubana kidogo. "Wewe kafundishe tu, Skola," alimwambia. "Watoto nimeshaongea nao." Scolastika alidhani ameongea nao juu ya kupiga mswaki na kuchomekea mashati.

Scolastika alikuwa mwalimu wa kujitolea, neno zuri linalofunika mengi. Alianza kujitolea kwa sababu hakuajiriwa, akaendelea kwa sababu aliambiwa wanaojitolea watakumbukwa. Aliyemwambia hivyo alihamishwa, na aliyekuja baada yake akamwambia vile vile, kwa maneno yale yale, kana kwamba waliachiana. Alfajiri alikaanga maandazi, saa za kazi akafundisha, jioni akafundisha watoto wa watu majumbani. Bintiye Vumilia aliishi na bibi yake kule Kolandoto, na kila Scolastika alipokwenda kumwona, sketi ya mtoto ilikuwa imepanda juu kidogo zaidi ya magoti na mazungumzo yao yamepungua. Katika chumba cha walimu hakuwa na kiti. Alikalia cha yeyote aliyekuwa likizo au mgonjwa, na mwenyewe alipotokea mlangoni, yeye alisimama haraka na kujifanya ana safari ya darasani.

Kazi hii aliitaka. Lisemwe waziwazi, maana wako watu wanaopenda kusimulia habari za walimu kana kwamba wanakula chaki wakashiba. Aliitaka kama anavyotaka maji mtu aliyetembea juani, bila adabu wala falsafa.

Msailiwa wa kwanza alitoka akiwa amekunja uso ili asilie. Wa pili akaingia, kijana mwenye sauti nzuri ya kanisani. Watoto wakamwamkia vizuri, wakaketi vizuri, wakamtazama. Aliuliza, wakamtazama. Aliimba kiwimbo cha kuwachangamsha, akaimba peke yake mpaka mwisho. Dirisha la darasa halikuwa na kioo ila nyavu za waya tu, na kutoka benchini Scolastika aliweza kumwona Loveness, kiranja, amekaa wima safu ya mbele na mikono ameifumbata juu ya dawati. Midomo ya mtoto yule ilikuwa imebanwa mpaka imepauka. Ndipo alipoelewa.

Alimkuta Mwalimu Mkuu ofisini kwake anakunywa chai.

"Mkuu, watoto umewaambia nini?"

"Kwamba kuna wageni, wawe na adabu."

"Tano B hawana adabu ya namna ile."

Ngassa alicheka hata tumbo likagusa meza. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa utani, na kwa kweli hakuwa mbaya. Walimu wengi walimlilia siku alipougua. "Nimewaambia mwalimu wao anatafuta kazi," alisema. "Wakiwajibu wengine, wengine watachukua kazi ya mwalimu wao. Wakimjibu yeye peke yake, ataajiriwa na atabaki nao. Watoto wana akili, hawakuhitaji kuambiwa mara mbili."

"Nitabaki nao wapi? Mkuu, unajua hakuna atakayebaki hapa."

Alijua. Kwenye makaratasi shule ile haikuwa na upungufu wowote. Ikama yake, idadi ya walimu inayostahili, ilikuwa imejaa pomoni: waliofuata waume zao mjini, waliokwenda masomoni, waliougua wasirudi, wote walihesabika. Darasani tu ndiko walikokosekana. Yeyote atakayeajiriwa angepelekwa kule ambako hata makaratasi yanakiri kuwa hakuna mwalimu.

"Sasa nikae na watoto wadogo nawaeleza ikama?" Ngassa aliuliza.

"Umewadanganya."

"Nimewadanganya." Aliweka kikombe chini, na kicheko kikamtoka usoni. "Nimekuandikia barua za mapendekezo mpaka mhuri ukachakaa. Nimeomba, nimepiga simu, nimesubiri kwenye korido za wakubwa nikiwa mzima hivi na mvi zangu. Kiti tu nimeshindwa kukupa, Skola, unadhani sioni? Hiki ndicho kitu pekee nilichoweza kukufanyia. Kama hukitaki, wasaili wako pale, nenda kawaambie. Wataufuta usaili wa kituo hiki, na wale wote walioko benchini watarudi makwao hivi hivi, na wewe ukiwamo."

Nje mtu alikuwa akichota maji, ndoo ikigonga bomba.

"Vumilia yuko darasa la ngapi sasa?" Mkuu aliuliza kwa upole.

"La tatu."

"Haya," alisema, akarudia chai yake.

Scolastika alirudi benchini. Alijiambia kwamba bado anafikiri, kwamba mambo kama haya hayataki haraka, na huku akiwaza hivyo msailiwa mwingine aliingia na kutoka. Yule mwanamume wa benchini alikuwa amefungua mfuko wa plastiki, akamsogezea vipande vya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo Scolastika hakuwa amevionja tangu bibi yake mwenyewe alipofariki.

"Mwangaluka, mayu. Hatujasalimiana," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Naitwa Bujiku."

"Mwangaluka. Scolastika." Alichukua kipande kimoja. "Umetoka mbali?"

"Masumbwe. Jana nimefika usiku, nikalala stendi, nikapiga pasi kwa mama mmoja muuza chai." Alijitazama shati, jeupe, lenye mikunjo minne ya kukunjiwa begini ambayo pasi haikuiweza. Mikono yake ilikuwa mipana, na kwenye kona za kucha vumbi jekundu lilikuwa limekaa kwa namna ambayo sabuni imeshakata tamaa nalo. "Nami ni wa kujitolea. Asubuhi nashika chaki, mchana nashuka duarani. Shimo la dhahabu, haya mashimo ya wachimbaji wadogo. Kule shimoni wananiita Mwalimu, shuleni wananiita Mwanaapolo, mchimbaji. Mpaka leo sijui nani ananitania zaidi."

Scolastika alicheka bila kutaka. Walikula. Bujiku alimweleza kwamba shule yake ina walimu wa kuhesabia mkono mmoja, na kwamba watoto walimsindikiza hadi barabarani wakimwimbia.

"Wameniambia nisirudi bila kazi. Na kwetu nafasi ipo wazi, si kama mjini. Nikipita, huenda wakanirudisha pale pale kwa watoto wangu." Alikunja mfuko wa matobolwa kwa uangalifu. "Nikikosa, mke wangu amesema basi. Mtu hawezi kuwa na kazi mbili na zote hazimlishi. Nitashuka chini jumla."

Alikuwa ameokota mada ya kuwaka kwa moto. Chini ya benchi alikuwa na mshumaa alionunua duka la ng'ambo ya barabara, na glasi aliyoazimwa na mama muuza chai. Alipoitwa, aliviokota vyote viwili, akajifuta kiganja kwenye suruali, akaingia.

Hakuanza kwa swali. Aliwasha mshumaa juu ya meza, akaketi kwenye ukingo wa dawati la mbele, karibu nao, akaanza kuwasimulia. Aliwaambia kuhusu shimo jembamba linalokwenda chini kupita urefu wa minara ya simu, na jinsi mtu anavyoning'inia kwenye kamba. Aliwaambia juu ya rafiki yake Thobias, aliyekuwa na haraka. Kabla ya kushuka, alisema, wachimbaji wenye akili huteremsha kwanza mshumaa uliowashwa ndani ya kopo, kisha wote hukaa kimya ukingoni na kuutazama ukishuka, kamwanga kadogo kanakozidi kuwa kadogo. Siku ile Thobias hakusubiri. Scolastika aliyekuwa nje aliona migongo ya watoto ikisogea mbele kidogo kidogo. Wasaili wenyewe walikuwa wameacha kuandika.

Bujiku akachukua glasi, akaufunika mshumaa. Mwali ukanywea, ukatapatapa, ukafa. Moshi ukajaa ndani ya glasi.

"Kwa nini umezimika?" aliuliza.

Lilikuwa swali ambalo hata Scolastika lilimwasha ulimini. Hakujibu mtu. Safu ya nyuma mtoto mmoja aitwaye Maduhu, ambaye katika maisha yake ya shule hakuwahi kunyoosha mkono ila kuomba ruhusa, alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia ili usimponyoke. Na Loveness aligeuza shingo. Alitazama dirishani, nje, moja kwa moja hadi benchini.

Ilikuwa desturi yao. Loveness alikuwa mtoto wa kuropoka majibu, na Scolastika alikuwa amemfundisha kwa taabu kubwa kungoja: nitazame, alimwambia, nikiitikia kwa kichwa ndipo useme. Tangu hapo mtoto alimtazama kila jibu lilipomjia, macho yamemtoka, akingoja kile kichwa kishuke. Sasa alikuwa akimtazama hivyo hivyo. Hakuna sheria iliyokataza mtu aliyeketi barazani kuinamisha kichwa. Hakuhitaji kwenda kwa wasaili, hakuhitaji kumharibia mtu yeyote. Angeitikia tu, mara moja, na darasa zima lingelipuka.

Scolastika alikaza macho kwenye miguu yake. Viatu vyake alikuwa amevipaka rangi jana, na kwenye kidole gumba rangi ilikuwa imeshaanza kubanduka. Aliitazama ile sehemu iliyobanduka mpaka aliposikia sauti ya Bujiku tena, tulivu, ikiwaeleza watoto yeye mwenyewe kwamba moto unahitaji hewa, na kwamba hewa ya ndani ya glasi ilikuwa imetumika, na kwamba chini shimoni ni vivyo hivyo. Alipoinua uso, Bujiku hakuwa anawatazama watoto. Alikuwa amefuata macho ya Loveness hadi dirishani, na alikuwa akimtazama yeye.

"Asanteni, wanangu," aliwaambia watoto. "Mmenisikiliza vizuri sana."

Alitoka na glasi yake mkononi, ndani bado ina ukungu wa moshi. Alipopita benchini alisimama kidogo. Scolastika alingoja atukanwe. Angefurahi kutukanwa.

"Watoto wanakupenda sana, mwalimu," Bujiku alisema. Kisha akavuka barabara kwenda kurudisha glasi ya watu.

Scolastika alikuwa wa mwisho. Alipoingia, Tano B walisimama kwa pamoja, wakamwamkia kwa sauti ya kukariri: "Shikamoo mwalimu! Karibu darasani kwetu, mgeni wetu!" Nayo hiyo walikuwa wamefundishwa. Maduhu alimkonyeza. Mada yake ilikuwa sehemu za ua, naye alifundisha vizuri. Asisingiziwe kwamba alibebwa tu. Alikuwa na mkono wa kazi. Lakini kila alipouliza, mikono iliinuka msitu mzima, watoto wakijinyanyua kwenye madawati, wakijibu kwa furaha ya watu waliozuiwa kupumua asubuhi nzima. Msaili mwanamke, ambaye hakuwa amecheka tangu atoke garini, alivua miwani, akatabasamu. Loveness alijibu swali la mwisho kwa sentensi ndefu isiyo na kosa, kisha akamtazama mwalimu wake kwa fahari kubwa, na Scolastika akageukia ubao haraka, akafuta mahali ambapo hapakuwa na maandishi.

Majibu yalimkuta Kolandoto, nyumbani kwa mama yake. Mama alipiga vigelegele hadi wauguzi waliokuwa wakipita kutoka zamu hospitalini wakasimama kuuliza ni harusi ya nani. Vumilia alirukaruka, kisha akauliza kama sasa wataishi pamoja. "Ndiyo," Scolastika alisema, "nikishapata nyumba, ndiyo." Alisoma tena jina la wilaya aliyopangiwa, na jina la shule, na kata yake. Ilikuwa Masumbwe. Alijiambia kwamba Masumbwe ni mji mkubwa wenye shule nyingi.

Kuaga Tano B kulikuwa kugumu kwa sababu hawakuelewa. Walidhani anakwenda semina. Alipowaeleza kwamba hatarudi, walifanya kitu ambacho kwa mara ya kwanza hakikuwa na amri ya mtu nyuma yake: walinyamaza. Halafu Loveness akasimama.

"Lakini tulinyamaza, mwalimu," alisema. "Wote. Hata Maduhu alinyamaza."

"Najua, mwanangu."

"Mkuu alisema tukinyamaza utabaki."

Scolastika alikuwa amewafundisha watoto wale mfumo wa jua na mzunguko wa maji na safari ya chakula mwilini, na sasa hakuwa na sentensi hata moja ya kuwapa. Aliwaambia wasome kwa bidii. Alilisikia hilo likimtoka kinywani na akalichukia.

Kule Masumbwe alipokewa na Mwalimu Mkuu Hosiana, mama mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliyemshika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu ametuona," alisema, "tumemwomba mwalimu wa sayansi hadi tumechoka." Alimpeleka chumba cha walimu, akavuta kiti cha mbao karibu na dirisha, akakipangusa kwa kanga yake. "Kaa hapa. Hiki ni chako. Kilikuwa cha mwenzetu mmoja."

Ni kiti alichokuwa akikiota miaka yote. Scolastika alikikalia ukingoni.

Watoto wa darasa lake jipya walikuwa wengi, wengine wawili wawili kwenye nafasi ya mmoja, miguu myekundu kwa vumbi. Walisimama kwa heshima, wakaamkia shikamoo kwa lafudhi ile nzito ya kwao, wakaketi. Aliwauliza swali, wakamtazama. Siku ya pili aliwauliza mengine mepesi zaidi, wakamtazama. Alijaribu Kisukuma, na wachache walitabasamu kwa adabu, wakainamisha nyuso. Alijiambia ni wageni kwake, watazoea. Lakini kimya kile alikifahamu. Alikuwa amekaa nje yake asubuhi nzima, na sasa alikuwa amesimama katikati yake.

"Wana ukaidi kidogo," Mwalimu Hosiana alimwambia mezani, akimmiminia chai. "Si kosa lako. Walikuwa na mwalimu wao wa kujitolea, wakamzoea mno. Bujiku. Alikwenda Shinyanga kufanya usaili, hakubahatika. Nilimwomba aendelee hivyo hivyo, lakini ulipokuja wewe akasema nafasi sasa ina mwenyewe. Yuko duarani siku hizi, asubuhi na jioni." Alitikisa kichwa. "Watoto hawajaambiwa na mtu wakunyamazie, usidhani. Wameamua wenyewe."

Scolastika alikishika kikombe kwa mikono yote miwili. Alitaka kusema kwamba alimjua, kwamba alikula matobolwa yake, kwamba angeweza kuinamisha kichwa na hakuinamisha. Aliona namna uso wa mama yule ungebadilika. Akanywa chai.

Asubuhi iliyofuata alipita dukani, akanunua mshumaa. Hakujua kama anakwenda kumwibia mtu mara ya pili au kumrudishia. Aliuwasha mbele ya watoto, na kwa mara ya kwanza aliona macho yao yakibadilika, wakatazamana. Aliufunika kwa glasi. Mwali ukanywea, ukatapatapa, ukafa.

"Kwa nini umezimika?" aliuliza.

Walijua. Hakuna watoto katika nchi hii waliolijua jibu lile kuliko hao. Baba zao walikuwa ukingoni mwa mashimo wakati ule ule, na jirani zao wengine hawakurudi. Scolastika aliona jibu likiwasimama kooni. Binti mmoja wa safu ya mbele alimeza mate.

Hapo nje palisikika hatua za buti, na mtu akapita barazani na kitabu cha sayansi mkononi, amekifunga kwa gazeti kisichafuke. Alikuwa amejaa vumbi jekundu toka nywele hadi miguu, na taa ya shimoni ilikuwa bado imefungwa kipajini. Alikuwa amekuja kurudisha kitabu cha shule. Watoto wote waligeuka kwa pamoja kama vile wamevutwa kwa kamba moja.

Bujiku alisimama dirishani. Aliuona mshumaa, akaiona glasi na moshi uliojaa ndani yake. Kisha akamwona Scolastika. Safari hii Scolastika hakutazama viatu vyake, ingawa lilikuwa jambo gumu kuliko yote aliyowahi kuyafanya. Binti wa safu ya mbele alikuwa amemkazia Bujiku macho, shingo ndefu, midomo imebanwa, akingoja.

Bujiku aliwatazama watoto wake. Akawaitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu, vumbi likamdondoka begani.

Mikono iliinuka. Iliinuka darasa zima, mpaka ya wale waliosimama nyuma kwa kukosa madawati, na kelele zikalipuka, mimi mwalimu, mimi, mimi hapa. Nje buti zilikuwa zinaelekea ofisini kupeleka kitabu. Scolastika alisimama mbele yao na chaki mkononi, akatafuta jina la mtoto wa kumwita, na hakulijua hata moja.